Kuchagua Kifaa cha Kubaini Waifai Isiyoidhinishwa: Mwongozo kwa Vituo vya Huduma Kata ya Mlali

Mwananchi anapofika katika kituo cha afya na kuandikishwa, jina lake, umri wake, maradhi yake na malipo yake huingizwa katika mfumo wa GoTHOMIS. Anapoomba leseni ya biashara, maombi yake hupita katika mfumo wa TAUSI. Fedha za taasisi hulipwa kupitia mfumo wa MUSE, na ushuru hukusanywa kwa mashine za kielektroniki. Taarifa zote hizi husafiri katika mtandao wa ofisi, ambao una mlango wake rasmi, wenye kufuli na mlinzi. Kifaa kimoja cha waifai chenye ukubwa wa kiganja, kikichomekwa kwenye soketi ya mtandao bila idhini, hufungua mlango wa pili ambao hauna mlinzi. Mtu aliyekaa nje ya uzio, chini ya mti, anaweza kuupitia bila mtumishi yeyote kumwona.

Swali ambalo wakuu wa vituo, wakuu wa shule na watendaji hujiuliza ni hili: mlango huo wa pili utajulikanaje, ilhali mawimbi hayaonekani kwa macho? Jibu ni kwamba vipo vifaa vya mkononi vinavyoweza kuyasikia mawimbi hayo na kumwongoza mkaguzi hadi kilipo chanzo. Vifaa hivyo vinatofautiana mno kwa bei na kwa uwezo. Makala hii inaeleza namna ya kuvichagua kwa kuzingatia mazingira ya kata kama Mlali, ambako majengo ni machache, majirani wenye waifai ni wachache, na kila shilingi inayotumika kununua kifaa ina kazi nyingine inayoisubiri.

Kifaa kisichoidhinishwa ni kipi?

Si kila waifai inayoonekana kwenye simu ni tishio. Ni vyema kutofautisha makundi manne.

Kundi la kwanza, ambalo ndilo la hatari zaidi, ni ruta au kirusha waifai kilichounganishwa kwa kebo na mtandao wa ofisi bila Kitengo cha TEHAMA kujua. Mara nyingi aliyekiweka hakuwa na nia mbaya. Pengine waifai rasmi haifiki kwenye dirisha la dawa, au chumba cha walimu kina soketi moja na kompyuta ni tatu, naye akaona atatue tatizo kwa kifaa alichokinunua mjini. Nia yake ilikuwa njema, lakini kifaa hicho huenda bado kina nywila ya kiwandani ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma katika kijitabu cha maelekezo.

Kundi la pili ni simu au modemu ya mtumishi inayogawa intaneti. Kifaa hiki hakijaunganishwa na kebo ya ofisi, hivyo peke yake hakifungui mlango. Hatari huanza pale kompyuta ya ofisi inapoungana nacho huku ingali imechomekwa kwenye kebo. Kompyuta hiyo inakuwa imesimama na mguu mmoja ndani na mwingine nje, na inaweza kugeuka daraja.

Kundi la tatu ni kifaa cha ulaghai: mtu huweka waifai yenye jina lilelile la ofisi ili watumishi waunganike nayo kwa kudhani ni ya kwao, kisha akusanye nywila zao. Kundi la nne ni waifai ya jirani, kwa mfano duka au nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Hii ni halali, na haistahili kuguswa wala kuulizwa.

Kifaa chochote kinachonunuliwa kwa ajili ya ukaguzi lazima kimsaidie mkaguzi kuyatenganisha makundi haya. Kifaa kinachoorodhesha majina tu bila kusaidia kuyatenganisha kitamwacha mkaguzi na hofu nyingi na majibu machache.

Kwa nini suala hili lina uzito

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu kuzilinda zisipotee na zisifikiwe na wasiohusika. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa aliyepimwa kifua kikuu au virusi vya UKIMWI ameikabidhi serikali siri yake. Siri hiyo ikivuja kijijini, ambako watu wote wanafahamiana, hakuna waraka wa kuomba radhi utakaoirudisha.

Dunia imekwisha kuona gharama ya mlango wa waifai usiolindwa. Mwaka 2005 wahalifu waliingia katika mtandao wa kampuni ya TJX ya Marekani kwa kupitia waifai dhaifu ya duka lake. Waliendelea kuchota taarifa kwa muda mrefu. Kampuni iligundua uvamizi huo mwishoni mwa mwaka 2006, na baada ya kuutangaza mwaka 2007 ilieleza kuwa kadi za benki zisizopungua milioni 45.7 ziliguswa. Waifai ile ilikuwa ya kampuni yenyewe, lakini somo ni lilelile: wahalifu hawakuhitaji kuvunja mlango wa makao makuu, kwa kuwa tawi moja lenye waifai dhaifu liliwatosha. Kituo kidogo cha pembezoni kilichounganishwa na mifumo mikubwa ya taifa kina nafasi ileile ya tawi lile.

Kanuni za usalama za kampuni za kadi za malipo duniani zinawataka wafanyabiashara wanaopokea kadi wakague kuwapo kwa waifai zisizoidhinishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Utaratibu huo wa robo mwaka unafaa kuigwa, kwani unaendana na mzunguko wa taarifa za robo mwaka ambao taasisi zetu zimeuzoea.

Orodha kwanza, kifaa baadaye

Kabla ya kununua chochote, taasisi inapaswa kuwa na orodha ya vifaa vyake halali. Kila kirusha waifai kina anwani yake ya kielektroniki yenye tarakimu na herufi 12, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho mgongoni au chini ya kifaa. Sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Orodha inapaswa kuonesha jina la waifai, anwani hiyo, chumba kilipofungwa kifaa, tarehe ya kufungwa na jina la aliyeidhinisha.

Bila orodha hiyo, hata kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kitasema tu kwamba hapa pana waifai tano. Hakitaweza kusema ni ipi ya ofisi na ipi ni ngeni. Orodha ikiwapo, hata simu ya kawaida inaweza kumwonesha mkaguzi kwamba ya tano haimo. Kwa kituo cha afya au shule ya sekondari, kazi ya kuandaa orodha hii haizidi siku moja na haigharimu fedha.

Kifaa kinasikia nini?

Waifai hutumia mawimbi ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na vifaa vya kizazi kipya hutumia pia gigahezi 6. Kirusha waifai hakikai kimya. Kwa kawaida hutoa mwito wa kujitambulisha takribani mara 10 kila sekunde, hata kama hakuna aliyeunganika nacho. Mwito huo hubeba jina, anwani, chaneli na aina ya ulinzi. Mwenye kifaa akichagua kulificha jina, mwito bado hutolewa, ila sehemu ya jina huachwa tupu. Kwa sababu hiyo, kulificha jina hakumfichi mwenye kifaa mbele ya mkaguzi mwenye zana inayofaa.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli na huandikwa kwa tarakimu hasi. Kadiri tarakimu inavyokaribia sifuri ndivyo chanzo kilivyo karibu au kilivyo na nguvu. Kipimo cha hasi 40 huashiria kwamba chanzo kipo hatua chache tu. Hasi 80 huashiria mawimbi yaliyochoka. Kila pungufu ya desibeli 3 ni nusu ya nguvu, na katika uwanja wazi pungufu ya desibeli 6 ni sawa na umbali uliozidi mara mbili. Ndani ya majengo hesabu hiyo huvurugika. Kuta za matofali hupunguza mawimbi, paa la bati huyaakisi, na mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, huyameza. Mkaguzi asiyejua haya anaweza kusimama mbele ya kabati la chuma na kudai hakuna kitu, kumbe ruta imo ndani yake.

Maswali matatu ya kumpima muuzaji

Kifaa cha ukaguzi kinapaswa kupimwa kwa maswali matatu, na ni vyema kumtaka muuzaji ayajibu kwa kuonesha, si kwa maneno.

La kwanza: je, kinasikia kila kilichopo hewani? La pili: je, kinaweza kunifikisha kilipo chanzo? La tatu: je, kinaweza kunithibitishia kwamba chanzo hicho kimeunganishwa na kebo ya ofisi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalotenganisha ruta ya jirani na ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la mafaili.

Aina nne za vifaa

Simu janja. Programu za bure za kuchambua waifai huonesha majina, anwani, chaneli na nguvu ya mawimbi. Kwa kuwa simu tayari ipo mfukoni, gharama ni ndogo mno. Ina mapungufu yake, hata hivyo. Kuanzia toleo la 9 la Android, programu inayotumika kwenye kioo inaruhusiwa kuchungulia waifai mara nne tu kila dakika mbili. Anayetembea kwa haraka anaweza kuwa anasoma tarakimu ya nusu dakika iliyopita, wakati yeye amekwisha kuvuka vyumba viwili. Kuanzia toleo la 10 kizuizi hicho kinaweza kuzimwa katika mipangilio ya watengenezaji programu. Simu za iPhone haziziruhusu programu za kawaida kuorodhesha waifai zote. Programu ya Apple iitwayo AirPort Utility ndiyo yenye kipengele hicho, nacho huwashwa kwanza katika mipangilio ya simu. Zaidi ya hayo, simu haina antena ya kubadilisha, na simu ya zamani inaweza kuwa kiziwi wa gigahezi 5.

Kompyuta mpakato yenye adapta ya nje. Adapta ya USB yenye antena inayofunguka, ikitumiwa pamoja na programu huria kama Kismet, husikiliza mawasiliano ya waifai bila yenyewe kutoa sauti. Huonesha pia kompyuta na simu zilizounganika na kila waifai, jambo ambalo simu haiwezi. Antena inayoelekea upande mmoja ikifungwa, mkaguzi anaweza kuizungusha taratibu na kujua mawimbi yanatoka pande zipi. Adapta hugharimu makumi ya dola za Marekani. Sharti kubwa ni kwamba iwe na uwezo wa kufanya kazi katika hali ya kusikiliza tu, kwani adapta nyingi za dukani hazina uwezo huo, na mtumiaji awe amefundishwa.

Kifaa maalumu cha mkononi. Vipo vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hii pekee, kama vile AirCheck na EtherScope za kampuni ya NetAlly. Huwaka haraka, huonesha masafa yote vinayoyamudu, huwezesha kuingiza orodha ya vifaa halali ili vigeni vijitokeze vyenyewe, na hutoa taarifa inayoweza kuhifadhiwa. Vina pia soketi ya kebo, hivyo husaidia kujibu swali la tatu. Kasoro yake ni bei, ambayo hufikia maelfu ya dola, pamoja na gharama za kila mwaka za matengenezo na masasisho.

Kichambuzi cha masafa. Hiki hakisomi majina. Huonesha nishati yote iliyopo hewani, iwe ya waifai au la. Hufaa kunapokuwa na kamera isiyotumia waya, au tanuri la mikrowevu linalovuruga gigahezi 2.4. Kwa kazi ya kubaini ruta ngeni ni kifaa cha ziada, wala hakipaswi kununuliwa cha kwanza.

Kwa kata kama Mlali, tofauti ya mazingira ina uzito katika uchaguzi. Katikati ya Kariakoo, mkaguzi hukutana na waifai nyingi kutoka kila ghorofa na kila duka, na bila kifaa maalumu kazi humshinda. Katika kituo kilichozungukwa na mashamba, mawimbi yoyote yenye nguvu ndani ya uzio yana wenyewe humohumo ndani. Kwa hiyo simu janja kwa kila kituo, na seti moja ya kompyuta mpakato, adapta na antena ya upande mmoja inayozungushwa na Kitengo cha TEHAMA, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kifaa maalumu, iwapo kitanunuliwa, kinafaa kuwa kimoja cha ngazi ya wilaya na kutumika kwa kata zote. Kukinunua kwa ajili ya kituo kimoja ni sawa na kununua trekta kwa ajili ya bustani ya mchicha.

Vigezo vya kuzingatia

1. Masafa. Kisikie gigahezi 2.4 na 5 bila kukosa. Kifaa cha 2.4 pekee hakitaiona ruta iliyowekwa kwenye 5, na mkaguzi atatoa hati safi isiyo ya kweli. Kwa ununuzi mpya wa ngazi ya wilaya, gigahezi 6 iulizwe pia.

2. Antena. Pawe na sehemu ya kufunga antena ya nje, hasa ya kuelekea upande mmoja.

3. Kasi ya kusasisha kipimo. Tarakimu ibadilike kila sekunde moja au mbili wakati wa kumfuata mtoaji mawimbi.

4. Betri. Ikaguliwe kama inaweza kumaliza ziara ya vituo kadhaa bila kuchajiwa, na kama inachajiwa kwa benki ya umeme au ndani ya gari.

5. Kioo na umbo. Kioo kisomeke juani, na matundu yaweze kustahimili vumbi la kiangazi cha Dodoma. Mfuko mgumu si anasa kwa kifaa kitakachosafirishwa kwenye pikipiki.

6. Kumbukumbu. Kihifadhi matokeo kwa tarehe na saa, ili ukaguzi wa robo hii ulinganishwe na uliopita.

7. Matumizi bila intaneti. Kifaa kinachohitaji kuunganika na seva ya nje ya nchi ili kifanye kazi kitakwama pale mtandao unapokuwa dhaifu, na pia hutuma taarifa za taasisi mahali zisipopaswa kwenda.

8. Gharama ya miaka yote. Bei ya kununua ijumlishwe na ada za mwaka, mafunzo na vipuri.

9. Idhini. Vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Muuzaji aoneshe uthibitisho.

Namna ya kufanya ukaguzi

Muda wa ukaguzi una maana sawa na ubora wa kifaa. Umeme ukiwa umekatika, ruta nyingi zimezimika, na matokeo yoyote ya saa hiyo ni bure. Ni vyema kukagua mara mbili: saa za kazi, na baada ya watumishi kuondoka. Kinachoonekana mchana na kutoweka jioni huenda ni simu ya mtumishi. Kinachoendelea kuita usiku, ilhali hakuna mtu ofisini, kimefungwa mahali na kinastahili kutafutwa.

Mkaguzi aanze nje, azunguke jengo lote huku akiandika vipimo katika pembe nne, ndipo aingie ndani. Waifai ambayo nguvu yake inaongezeka kadiri anavyoingia ndani, nayo haimo katika orodha, ndiyo ya kufuatwa. Asiyekuwa na antena ya upande mmoja anaweza kutumia mwili wake: ashike simu karibu na kifua, ajizungushe taratibu, asimame kidogo kila robo ya mzunguko. Kipimo kitashuka pale mgongo unapokielekea chanzo, kwa kuwa mwili umeyaziba mawimbi. Chanzo kipo nyuma yake. Akirudia katika sehemu mbili au tatu, mistari ya pande hizo hukutana karibu na chumba husika.

Akishakipata chumba, macho ndiyo yamalize kazi. Afuate kebo kutoka kwenye swichi hadi mwisho wake, achungulie nyuma ya makabati, juu ya dari na chini ya meza. Kujibu swali la tatu, Afisa TEHAMA aangalie kwenye swichi anwani za vifaa vilivyochomekwa na azilinganishe na zilizosikika hewani. Katika ruta nyingi anwani ya upande wa kebo na ile ya upande wa mawimbi hupishana tarakimu moja au chache za mwisho, na ukaribu huo ni ushahidi mzuri.

Kuna jambo ambalo hakuna kifaa cha waifai kitakachoweza kulibaini: modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta kwa USB, au simu inayogawa intaneti kwa waya. Hizi hazitoi mwito wa waifai. Hapo dawa ni kukagua kompyuta zenyewe na kuzungumza na watumishi.

Mipaka ambayo mkaguzi hapaswi kuivuka

Kusikiliza mwito wa kujitambulisha wa waifai ni kama kusoma kibao kilicho mlangoni. Kuingia katika waifai ya mtu bila ruhusa, au kunasa mawasiliano yake, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama anayefanya hivyo ni mtumishi wa umma mwenye nia ya kulinda. Programu ya ukaguzi iwekwe katika mpangilio wa kusoma utambulisho pekee, isihifadhi maudhui.

Vilevile, baadhi ya vifaa sokoni hutangazwa kuwa vinaweza kuikata waifai ngeni kutoka mbali. Uwezo huo usiwe kishawishi. Mwaka 2014 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliitoza kampuni ya hoteli ya Marriott dola 600,000 baada ya hoteli yake moja ya Nashville kukata waifai binafsi za wageni. Waifai inayokatwa inaweza kuwa ya duka la jirani linalopokea malipo kwa njia hiyo. Njia sahihi ni kukipata kifaa, kukichomoa kwenye soketi ya ofisi, na kuandika taarifa.

Utaratibu wa ununuzi

Sifa za kifaa ziandikwe kwa kueleza kazi inayotakiwa kufanywa, kama ilivyo katika vigezo tisa hapo juu, badala ya kutaja jina la kampuni moja. Ununuzi wa umma hufanyika kupitia mfumo wa NeST kwa kuzingatia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma huwasilishwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mkuu wa kituo asinunue kifaa kwa fedha za kituo kabla ya kupata ushauri wa Afisa TEHAMA, kwa kuwa huenda kilichopo wilayani kinatosha kuazimwa. Kabla ya kupokea, kifaa kijaribiwe: ruta ya majaribio ifichwe katika chumba kimoja cha jengo, jina lake lifichwe pia, na muuzaji atakiwe aipate.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa mtumishi: iwapo waifai rasmi haikufikii, toa taarifa kwa mkuu wako wa kituo. Ombi la kirusha waifai cha nyongeza ni ombi halali, na kulipokea na kulijibu ni sehemu ya ulinzi. Aliyekwisha kuchomeka ruta yake akiseme leo. Aliyejitokeza mwenyewe anasaidia kuliko kifaa chochote cha ukaguzi, na wakuu wa vituo wanaombwa kumpokea hivyo.

Kwa mkuu wa taasisi: andaa orodha ya vifaa halali mwezi huu, ibandike ndani ya mlango wa chumba cha swichi, na panga tarehe ya ukaguzi wa kila robo mwaka.

Kwa mwananchi: ukifika ofisini ukaona kwenye simu yako waifai yenye jina la kituo isiyokuwa na nywila, usiunganike nayo. Mweleze mtumishi wa mapokezi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa hauonekani kwa macho, lakini unasikika kwa kifaa kinachofaa, na kwa vituo vyetu vingi kifaa cha kuanzia tayari kipo mfukoni. Kinachosubiriwa ni orodha.